Kaka anataka tubomoe nyumba ya baba, mama hataki kutoka

SWALI

Mzee Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nyumbani tumefika mahali hatusikilizani tena. Marehemu baba yetu alijenga nyumba zaidi ya miaka 40 iliyopita: vyumba vinne na sebule, kuta za matofali ya kuchoma, paa la zile karatasi ngumu za kijivu zenye mawimbi. Baadaye, familia ilipokua, akaongeza upande wa nyuma jiko, bafu na chumba kimoja. Mama anaishi humo hadi leo pamoja na mjukuu wake.

Sasa nyumba imechoka. Pale nyumba ya mbele inapokutana na ile nyongeza ya nyuma pana ufa unaoanzia karibu na dari. Kule juu kidole changu kidogo kinaingia, ukishuka unakuwa mwembamba mpaka unapotea karibu na sakafu. Kuta za mbele zina unyevu hadi magotini, pengine hadi kiunoni. Tunapaka rangi, inabanduka. Tunapiga lipu, inadondoka. Unyevu huu haukuwapo tulipokuwa wadogo. Ulianza baada ya uwanja wa mbele kuinuliwa kwa kifusi na kumwagiwa zege ili gari liingie. Chumba kimoja kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa. Swichi ya jikoni hutoa cheche.

Kaka yangu mkubwa anasema tubomoe yote tuweke nyumba ya ghorofa, mama akae chini, juu tupangishe. Fundi aliyemleta aliizunguka nyumba mara moja akasema imekufa. Fundi wangu mimi anasema ni lipu na rangi tu. Tukiunganisha akiba zetu, fundi wa kaka anasema zitatufikisha kwenye lenta ya chini, yaani ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, na baada ya hapo Mungu atafungua njia. Mama anasema kama tunataka kubomoa tusubiri tumzike kwanza. Mwisho wa mwezi kaka anataka kuja na vijana waanze kung'oa paa, ili mama aone kwamba tumeshaamua. Hati ya kiwanja bado ina jina la baba.

Tubomoe au tukarabati? Ninachotaka ni mama alale mahali salama na pesa zetu zisipotee.

Kitindamimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia kuisoma, kwa sababu ndani yake mna hatari ambayo hukuiuliza, na hiyo haiwezi kungoja mpaka mwafikiane.

Mwambie kaka yako asiliguse paa hilo. Karatasi ngumu za kijivu zenye mawimbi, juu ya nyumba ya umri huo, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni za asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi laini za madini. Karatasi nzima iliyotulia mahali pake hatari yake ni ndogo. Ikigongwa kwa nyundo, ikikatwa kwa msumeno au ikitupwa chini kutoka juu, hutoa vumbi la nyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo zikiingia kwenye mapafu nyingi hukwama humo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Ugonjwa wenyewe hujitokeza baada ya miongo kadhaa, kwa hiyo kijana atakayepanda juu ya paa hilo mwisho wa mwezi anaweza kuanza kuugua akiwa na wajukuu, na hakuna atakayekumbuka siku ile. Mama yako na mtoto watakuwa wamesimama chini wakitazama.

Kwa kuangalia tu huwezi kuthibitisha kama ni asbesto au siyo. Kipande kidogo hupimwa maabara. Mpaka majibu yatoke, ichukulieni kuwa ndiyo. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye kibali na vifaa vya kujikinga: karatasi huloweshwa maji, hufunguliwa misumari na kushushwa nzima nzima, hufungwa kwenye nailoni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Haziuzwi, hazigawiwi jirani, hazifunikii banda. Na kubomoa nyumba hakuwaepushi na gharama hii, maana paa hushuka kwanza kabla ya ukuta kuguswa. Kama fundi wa kaka yako hakulitaja hili, basi hesabu aliyowapa ina pengo.

Ile swichi inayotoa cheche, zimeni umeme wa jikoni kwenye swichi kuu leo, na fundi umeme aje wiki hii. Hilo halihitaji kikao.

Sasa swali lenu. Kwa uliyonieleza, ushauri wangu ni kwamba mbomoe nyongeza ya nyuma na mtunze nyumba ya mbele. Najua nyote wawili mlitaka jibu la neno moja, lakini mbele yenu yapo majengo mawili yenye afya tofauti, na ugomvi wenu umetokana na kuyahesabu kuwa moja.

Utazame ufa wenyewe. Umekaa palepale jengo moja linapoishia na jingine linapoanzia. Nyumba ya mbele ilijengwa kwanza, ikatulia juu ya udongo wake kwa miaka. Nyongeza ilikuja baadaye na msingi wake, na misingi ya nyongeza mara nyingi huchimbwa kwa kina kidogo kwa kuwa watu husema ni jiko tu. Misingi isipolingana, jengo moja hushuka na jingine hubaki. Halafu umeniambia kwamba ufa ni mpana juu na mwembamba chini. Umbo hilo hutokea jengo linapoinama: mwisho wa mbali wa nyongeza unazama, na upande wake wa juu unajitenga na nyumba kubwa. Na humo humo ndimo mlimo jiko na bafu. Mahali pa kwanza pa kushuku ni bomba la maji machafu. Likivuja ardhini kwa muda mrefu hulainisha udongo na kuuhamisha kidogo kidogo mpaka msingi unabaki hauna pa kukalia. Fungueni maji, fuateni njia yake mpaka shimoni, mwone yanakopotelea. Huenda mkagundua kwamba nyumba ya mbele, iliyohukumiwa kifo, haina kosa lolote katika ufa huo.

Upana nao una maana yake. Ufa wa chini ya milimita 1 kwa kawaida ni wa lipu. Hadi milimita 5 huzibwa na maisha yakaendelea. Kati ya 5 na 15 ukuta hufunguliwa na matofali hupangwa upya. Ukizidi 25, jengo limepoteza ushikamano na huenda sehemu yake ijengwe upya. Kidole kidogo kikiingia mko kwenye milimita kumi na kitu kule juu, jambo zito lakini siyo maiti. Kilicho muhimu zaidi ni kujua kama ufa bado unatembea au ulisimama zamani. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe ukutani, pima upana kwa rula mahali palepale kila mwezi, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mafundi wengine hugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Ukuta ukisogea kioo kinapasuka. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hivyo ufa unaweza kujifunga na kujifungua kufuata majira. Mtu anayeupima siku moja tu anaona nusu ya habari.

Halafu chimbeni mashimo mawili. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu mafundi wote wawili wametoa hukumu bila kuona msingi, na uamuzi wa kubomoa au kukarabati unakaa huko chini, haukai kwenye rangi wala dari. Shimo moja liwe kwenye kona ya nyumba ya mbele, jingine kwenye kona ya mbali ya nyongeza, upande wa nje. Kila moja liwe dogo, la kumtosha mtu mmoja kufanya kazi, na lishuke mpaka mahali msingi unapokanyaga udongo. Msichimbe chini ya msingi wenyewe, na msifungue urefu mkubwa wa ukuta kwa mara moja. Mhandisi awepo siku hiyo aone kina, upana, msingi umejengwa kwa nini, na umekalia nini: udongo wa asili uliobana, au kifusi cha zamani. Kisha mashimo yafukiwe kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa.

Mhandisi huyo awe wa majengo, mlipeni kwa ukaguzi na ripoti tu, na asiwe yule atakayefanya kazi. Siwatuhumu mafundi wenu. Lakini anayeishi kwa kujenga nyumba mpya ataona nyumba mpya, na anayeishi kwa lipu ataona lipu. Mkishapata ripoti, mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, awape hesabu za njia zote mbili.

Unyevu wa kuta za mbele nina hakika nao zaidi, kwa sababu wewe mwenyewe umeshautaja ugonjwa. Ulianza baada ya uwanja kuinuliwa. Ardhi ya nje ikipanda juu ya sakafu ya ndani, kuta zinakuwa zimezikwa na zege linayaelekeza maji ya mvua kwenye matofali. Maji hupanda ndani ya tofali, mara nyingi hadi karibu mita moja, yakikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayosukuma lipu na rangi mpaka zinadondoka. Mnaweza kupaka kila mwaka mpaka akiba iishe. Dawa iko nje: vunjeni zege lililogusa ukuta, shusheni ardhi iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, iwe na mteremko wa kuyakimbiza maji, na paa liwe na mifereji ya kuyapeleka mbali. Ndani, bandueni lipu iliyooza na mwache ukuta upumue miezi kadhaa kabla ya kupiga nyingine. Kwa matofali ya kuchoma ya zamani, lipu yenye chokaa nyingi ni bora kuliko ya saruji kali, kwa kuwa hupitisha unyevu badala ya kuufungia ndani. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Haya yote hayahitaji kubomoa hata tofali moja.

Mchwa ni jambo dogo likiwahiwa. Seremala achome kila kenchi kwa bisibisi. Palipo laini pabadilishwe, mbao mpya ziwekwe dawa, na njia zao za udongo zifuatwe mpaka ardhini. Kwa kuwa paa lenyewe litashushwa na wataalamu, kazi ya kenchi ifanyike wakati huohuo.

Nije kwa kaka yako, maana hoja yake ina uzito na sitaki uisome barua hii mbele yake kama ushindi. Anafikiria miaka ijayo: nyumba iingize kitu, mama atunzwe bila kuomba. Hilo ni jema. Na ni kweli kwamba nyumba ya mbele haiwezi kubebeshwa ghorofa hivihivi. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 pekee kinaleta karibu tani 6, kabla hamjahesabu kuta za juu, paa na watu watakaolala humo. Msingi ambao baba yenu aliuchimba kwa ajili ya nyumba ya chini haukuambiwa habari hizo. Mtu yeyote akiwaahidi ghorofa juu ya kuta hizo za mbele bila kufukua msingi, mkimbieni.

Lakini ghorofa anayoitaka inaweza kukaa nyuma. Nyongeza inayozama ni lazima ibomolewe kwa vyovyote. Pale itakapotoka, jengeni jengo jipya lenye msingi na nguzo zilizopigiwa hesabu ya ghorofa tangu siku ya kwanza, hata kama kwa sasa mtaishia chini. Litenganishwe na nyumba ya mbele kwa mwanya mdogo uliozibwa kwa kitu kinachonyumbuka, ili kila jengo litulie kwa kasi yake bila kulivuta jingine. Mkiyashikanisha kwa nguvu mtaurudisha ufa uleule. Na kwa kuwa msingi mpya utakuwa na kina kuliko wa zamani, mhandisi aelekeze uchimbaji wa vipande vifupi vifupi karibu na ukuta wa nyumba ya mbele, usije ukafukuliwa miguu. Akiba zenu zikitosha sakafu ya chini, mama anapata jiko na bafu salama. Zikiongezeka baadaye, kaka anapandisha vyumba vyake vya kupangisha juu ya nguzo zinazomsubiri.

Linganisheni hilo na mpango wa kufika lenta kisha kungoja. Mwanangu, huo mpango unanitisha. Kubomoa huchukua siku chache, na baada ya hapo mama hana paa. Kuta zilizoachwa wazi hunyeshewa, nondo zilizochomoza hushika kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nyumba inazeeka kabla ya kuzaliwa. Tena fundi amewahesabia ujenzi peke yake. Ongezeni kubomoa na kuhamisha kifusi, kodi ya mahali mama atakapokaa, ramani na vibali, kuunganisha upya maji na umeme, na bei za vifaa kupanda njiani. Ukarabati nao usiuamini kupita kiasi: ukifungua ukuta wa zamani hukosi kukutana na jambo. Mimi hushauri nyumba mpya iwekewe akiba ya dharura ya asilimia 10 ya makadirio, na ukarabati wa nyumba ya zamani asilimia 20 au zaidi. Kama hata hiyo hamna, punguzeni kazi, msipunguze akiba.

Yapo mambo yatakayonifanya nibadili ushauri wangu. Shimo la mbele likionyesha kwamba msingi wa nyumba kubwa nao ni wa juujuu au umekalia kifusi. Matofali yakisagika ukiyakwangua kwa kisu. Zikipatikana nyufa za mshazari zinazotoka kwenye kona za madirisha ya mbele na penseli ikathibitisha kuwa zinatembea. Au kiwanja kikiwa kinafurika maji kila mvua ikinyesha. Hapo nitakuwa upande wa kaka yako, nyumba yote ibomolewe, lakini siku mtakayokuwa na pesa za kufika kwenye paa na mahali pa uhakika pa kumweka mama.

Mama yenu hakuikataa nyumba salama. Amekataa kuondolewa bila kuulizwa, na kumng'olea paa ili aone mmeshaamua ni kumdhulumu mtu mzima ndani ya nyumba yake. Mwacheni aonyeshwe mashimo, asikie ripoti kutoka kinywani mwa mhandisi, aseme ni chumba kipi hawezi kukiacha. Njia ninayowaelekeza inamruhusu kubaki nyumba ya mbele kwa sehemu kubwa ya kazi, mkimwekea jiko na choo cha muda. Siku za kushusha paa tu ndizo atakazolazimika kulala kwingine. Hili linawezekana hata kwenye kazi kubwa mno. Wasanifu wa Ufaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, waliopewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2021, walishirikiana na wenzao kupanua na kuboresha makazi 530 katika majengo ya ghorofa ya zamani huko Bordeaux, na wakazi waliendelea kuishi humo wakati kazi ikifanyika. Majengo yalikuwa bado imara, kwa hiyo yalionekana kuwa mtaji wa kuanzia.

La mwisho ni hati. Msitie pesa nyingi kwenye ardhi yenye jina la marehemu kabla mirathi haijafunguliwa na warithi wote hawajaandika wanachokubaliana, nani anatoa kiasi gani na chumba cha juu kitakuwa cha nani. Bila hilo huenda hata kibali cha ujenzi msikipate, na siku moja watoto wenu watagombania kuta. Mkiwa kwenye ofisi za mipango miji, ulizeni pia masharti ya sasa ya umbali kutoka barabarani na kwenye mipaka. Nyumba ya zamani mara nyingi huvumiliwa ilipo, ila ikishabomolewa mpya hulazimika kurudi nyuma kufuata masharti ya leo, na kiwanja kidogo kinaweza kupoteza sehemu kubwa hapo.

Kwa hiyo anzeni na umeme wiki hii, kipande cha paa kipelekwe maabara na mtu anayejua kukichukua, bomba la maji machafu lifuatiliwe, penseli iwekwe ukutani, na mhandisi apangiwe siku ya mashimo. Kaka yako awepo siku hiyo, mama naye awekewe kiti karibu. Mkishafukua, niandikie tena unitumie picha za misingi yote miwili, ukiwa umesimamisha rula pembeni ya kila msingi ili kina kisomeke.